Wilt Chamberlain: Gwiji wa rekodi aliyehukumiwa na fainali

WAPENZI wa mpira wa kikapu wanapobishana juu ya nani alikuwa bora kuliko wote, jina la Wilt Chamberlain halikosi kutajwa, na halikosi kutiliwa shaka. Rekodi zake ni nyingi mno, lakini mataji yake ni mawili tu. Alicheza fainali sita za ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, akashinda ya mwaka 1967 na ya mwaka 1972. Nne zilizosalia zilimpachika jina la mshindwa.

Chamberlain alizaliwa Philadelphia Agosti 21, 1936. Akiwa katika shule ya sekondari ya Overbrook alikuwa tayari gumzo la jiji, na alipokamilika kimo chake kilifikia sentimita 216. Vyuo vingi vilimgombea, naye akachagua Chuo Kikuu cha Kansas. Huko ndiko alikoonja machungu ya fainali kwa mara ya kwanza: mwaka 1957 Kansas ilifungwa na North Carolina kwa pointi 54 kwa 53, baada ya muda wa nyongeza kuchezwa mara tatu.

Aliondoka chuoni kabla ya kuhitimu. Kwa kuwa kanuni za NBA wakati huo hazikumruhusu kusajiliwa kabla wenzake aliosoma nao hawajamaliza masomo, alikaa mwaka mmodi na timu ya maonyesho ya Harlem Globetrotters, akazuru nayo hadi Urusi ya Kisovieti mwaka 1959.

Mwaka huo huo alijiunga na Philadelphia Warriors, na ligi ikabadilika. Katika msimu wa 1961/62 alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa kila mchezo. Usiku wa Machi 2, 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, aliifunga New York Knicks pointi 100 peke yake mbele ya watazamaji 4,124. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. La kushangaza zaidi ni kwamba usiku ule alifunga mitupo huru 28 kati ya 32, yeye ambaye udhaifu wake mkubwa ulikuwa huo huo wa mitupo huru.

Lakini wakati Chamberlain akikusanya pointi, Boston Celtics walikuwa wakikusanya mataji. Senta wao, Bill Russell, alikuwa mfupi kuliko yeye na hakuwa mfungaji wa kutisha. Sifa yake ilikuwa ulinzi, na timu iliyomzunguka ilikuwa imekamilika kila idara. Wawili hao walikutana katika hatua ya mtoano mara nane, na Russell akashinda mara saba.

Takwimu hiyo hutajwa kila mara kama hukumu. Isiyotajwa ni hii: mara nne kati ya hizo, mwaka 1962, 1965, 1968 na 1969, mshindi alipatikana katika mchezo wa saba, na ukijumlisha tofauti ya pointi katika michezo hiyo minne unapata tisa tu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni vigumu kumwita mtu mwoga kwa pointi tisa.

Mara moja tu ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 1967, akiwa na Philadelphia 76ers chini ya kocha Alex Hannum, Chamberlain alikubali kufunga kidogo na kuwagawia wenzake mipira mingi. Timu ilishinda michezo 68 na kupoteza 13, ikaitoa Boston kwa michezo minne kwa mmoja, kisha ikaishinda San Francisco Warriors katika fainali kwa minne kwa miwili. Msimu uliofuata aliongoza ligi nzima kwa pasi za kufunga, jambo lisilo la kawaida kwa senta. Boston wakawatoa tena, safari hii 76ers wakiwa wameongoza kwa michezo mitatu kwa mmoja.

Alihamia Los Angeles Lakers mwaka 1968, akaungana na Jerry West na Elgin Baylor. Fainali ya 1969 dhidi ya Boston ilionekana kuwa zawadi iliyofungwa tayari. Mchezo wa saba ulichezwa nyumbani kwa Lakers Mei 5, na mmiliki wa timu, Jack Kent Cooke, alikwisha kuagiza maelfu ya maputo yapachikwe kwenye dari ili yaangushwe wakati wa kushangilia ubingwa.

Boston waliongoza kwa pointi 17 katika robo ya mwisho. Lakers walianza kurudi, na ndipo zikiwa zimesalia dakika tano na ushei Chamberlain akaumia goti na kutoka nje. Baadaye aliomba arejeshwe uwanjani. Kocha Butch van Breda Kolff, ambaye uhusiano wake naye ulikuwa mbaya msimu mzima, alikataa. Lakers walipoteza kwa pointi 108 kwa 106, huku mchezaji wao ghali akitazama kutoka kwenye benchi. Maputo yakabaki darini.

Kocha huyo aliondoka Los Angeles baada ya msimu huo. Russell, aliyestaafu akiwa na taji lake la 11, baadaye alimlaumu Chamberlain hadharani kwa kutoka mchezoni. Walikuwa marafiki waliowahi kula pamoja nyumbani kwa kila mmoja. Baada ya lawama hiyo walikaa miaka mingi bila kusemezana.

Mwaka 1970 Lakers walipoteza tena katika mchezo wa saba, mbele ya New York Knicks. Mwaka 1972 kocha Bill Sharman alimwomba Chamberlain, aliyekuwa na umri wa miaka 35, aache kufikiria pointi na kulinda kikapu. Alitii. Lakers walishinda michezo 33 mfululizo, rekodi ambayo bado inasimama, wakamaliza msimu kwa ushindi wa michezo 69.

Katika mchezo wa nne wa fainali dhidi ya Knicks alianguka na kuumia kifundo cha mkono. Wengi walidhani yangekuwa yale yale ya 1969. Aliingia mchezo wa tano akiwa amefungwa bandeji, akafunga pointi 24 na kudaka ribaundi 29, na Los Angeles ikapata ubingwa wake wa kwanza. Alitajwa mchezaji bora wa fainali.

Alistaafu mwaka 1973 akiwa na pointi 31,419 na ribaundi 23,924. Alifariki dunia nyumbani kwake Los Angeles Oktoba 12, 1999, kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 63. Wakati huo yeye na Russell walikwisha kupatana, na Russell alikuwa miongoni mwa waliozungumza katika ibada ya kumkumbuka.

Tuzo ya mchezaji bora wa fainali, ile aliyoipata Chamberlain mwaka 1972 akiwa na mkono mbovu, tangu mwaka 2009 inaitwa kwa jina la Bill Russell.