Monika Hakumwacha Mwanawe

Sisi walimu aghalabu humkatia tamaa mapema kijana aliyepotoka. Monika wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, hakufanya hivyo. Mwanawe, Augustino, aliandama imani ya Mani takriban miaka tisa. Askofu aliyeombwa akabishane naye alikataa katakata. Alimshauri mama amwombee tu. Mwaka 383, huko Carthage, Augustino alimhadaa, akatweka usiku kwenda Roma ilhali mama yu katika sala. Mjane huyo akavuka bahari, akamfuata hadi Milan. (Nakiri, ung'ang'anizi kama huo ungalimchosha mwana yeyote.) Pasaka ya 387 Augustino akabatizwa. Mwaka uo huo Monika akafariki Ostia, bandarini. Kaburi alilojiandalia kwao, ubavuni mwa mumewe, hakulijali tena.