Reginald Moreau: karani aliyehesabu ndege wa Amani

Ukitoka uani asubuhi, uwe Mbagala, Chamazi au Bunju, wa kwanza kumwona ni kunguru. Lakini chozi je, bado anakuja kwenye ua la mgomba? Tetere wako wangapi kuliko mwaka jana, au wamepungua? Wengi wetu hatuna jibu, kwa sababu hatuhesabu. Leo, msikilizaji wetu, tunakuletea maisha ya mtu aliyehesabu.

Reginald Ernest Moreau alizaliwa Uingereza mwaka 1897. Chuo kikuu hakusoma. Alikuwa karani katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Ugonjwa wa viungo ulipomzidi, mwaka 1920 alihamia Cairo, Misri, kwenye hewa kavu. Huko alianza kuwafuatilia ndege siku za mapumziko, na huko alikutana na Winifred, ambaye jina la ukoo wake, Bird, maana yake ni ndege. Walioana mwaka 1924.

Mwaka 1928 walihamia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, palipokuwa na kituo cha utafiti wa kilimo. Moreau aliajiriwa kwa kazi za ofisi. Ndege aliwashughulikia kwa muda wake mwenyewe, kwa karibu miaka 18.

Hakuwa peke yake. Salimu Asmani, msaidizi wake mkuu, alikuwa hodari wa kuwatafuta ndege msituni. Wasaidizi wengine wenyeji walikaa karibu na viota kwa saa nyingi, wakiweka kumbukumbu ya kila safari ambayo mzazi alileta chakula. Walifanya hivyo hata kwa mbayuwayu, ndege ambaye wengi humpita bila kumtazama. Kwa hondohondo walishuhudia jike akijifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, na dume akamlisha kupitia ufa mwembamba.

Hesabu hizo zilizaa elimu. Mwaka 1944 Moreau alichapisha ulinganisho wa idadi ya mayai, ulioonyesha kuwa ndege wa Afrika ya joto hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa Ulaya. Sababu yake wataalamu wanaijadili hadi leo. Kuna chozi wa milima yetu anayeitwa kwa jina la Moreau, na ndege wa milima ya Uluguru, Morogoro, aliyepewa jina la Winifred mwaka 1938. Jina la Salimu Asmani wanalijua wachache, ingawa bila macho yake daftari la Moreau lingekuwa jembamba.

Moreau aliondoka Amani mwaka 1946, akahariri jarida la ndege la Ibis hadi mwaka 1960, na akafariki mwaka 1970.

Kazi ya namna hiyo sasa inafanywa na watu wa kawaida. Marekani wanahesabu ndege kila msimu wa Krismasi tangu mwaka 1900. Uingereza, tangu mwaka 1979, kila Januari familia hukaa saa moja zikitazama bustani zao. Kanuni yao ni nyepesi: kwa kila aina, andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa wakati mmoja. Ukiona tetere watatu, kisha wawili, andika watatu. Hivyo humhesabu ndege mmoja mara mbili.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Kunguru huyu aliyeletwa Zanzibar kutoka Asia mwishoni mwa karne ya 19 hula mayai na makinda ya ndege wengine. Nyumba nazo zinaongezeka, miti inakatwa. Chozi akitoweka uani kwako, utathibitishaje kwamba aliwahi kuwepo?

Chagua saa moja ya asubuhi, kaa kivulini, andika tarehe, mahali na idadi. Daftari la shule linatosha, hata simu yako. Mwakani, tarehe ileile na mahali palepale, hesabu tena.