Kiti cha munganga Charcot

Jean-Martin Charcot alizaliwa Paris mwaka 1825. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi. Tangu 1862 alitumika kwenye lopitalo ya Salpêtrière. Kule aliona wagonjwa wenye kuinama mugongo na kukokota miguu. Mwingereza James Parkinson aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1817, lakini Charcot aliona kama wengine hawatetemeki hata kidogo, mwili unakazana tu. Njo akaupa jina la Parkinson. (Kwetu mzee wa namna hii wanasema ni mvivu, ao wamemuloga!)

Wagonjwa walimwambia kama kisha safari ndefu ya treni mwili unalegea, wanasikia nafuu. Charcot, mtoto wa fundi wa magari, akatengenezesha kiti chenye kutikisa mutu sawa treni. Alikifundisha mwaka 1892; mwaka 1893 akafa.

Kiti hakikuendelea sana. Leo wanganga wanataka mugonjwa ajitikise mwenyewe kila siku: hatua kubwa, mikono ikipunga, mugongo kwenye ukuta mpaka unyooke.