Raiffeisen: Mtawala wa vijiji aliyeasisi mikopo ya wakulima

WANACHAMA wa vyama vya akiba na mikopo, SACCOS, wanaokopa kwa dhamana ya wenzao, huenda wasijue kwamba mizizi ya utaratibu huo imo katika ofisi ya mtawala mmoja wa vijiji nchini Ujerumani katika karne ya 19.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa Machi 30, 1818 huko Hamm, kando ya mto Sieg. Alijiunga na jeshi la Prussia akiwa na umri wa miaka 17, lakini maradhi ya macho yalimlazimu kuliacha mwaka 1843, akaingia utumishi wa serikali.

Mwaka 1845 aliteuliwa kuwa meya wa Weyerbusch. Cheo hicho hakikuwa cha jiji, bali cha kundi la vijiji maskini, mfano wa tarafa huku kwetu.

Haukupita muda mrefu mavuno yakakosekana, na majira ya baridi ya 1846 hadi 1847 yakaja na njaa. Serikali ilipeleka unga kwa sharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu, fedha ambazo wenye njaa hawakuwa nazo. Raiffeisen alikaidi agizo hilo, akautoa kwa mkopo. Aidha, alikusanya michango ya wenye uwezo, tanuri la pamoja likajengwa, na maskini wakapata mkate kwa bei nafuu.

Alipohamishiwa Flammersfeld mwaka 1848, alikuta balaa jingine. Mkulima alikopeshwa ng'ombe kwa riba kubwa. Akishindwa kulipa, ng'ombe alichukuliwa, na hatimaye shamba. Mwaka uliofuata aliwashawishi matajiri wapatao 60 kudhamini chama cha kuwanunulia wakulima mifugo, nao wakalipa kidogo kidogo.

Hata hivyo, hisani ina kikomo. Huko Heddesdorf, alikotawala tangu mwaka 1852, wafadhili walichoka. Hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilipo jambo kubwa zaidi maishani mwake: alikubali kwamba njia yake ya awali isingedumu. Mwaka 1864 alianzisha chama ambacho mkopaji mwenyewe alilazimika kuwa mwanachama, na wote wakawajibika kwa deni kwa mali zao zote. Kwa kuwa walikuwa majirani, kila mmoja alimjua anayemdhamini.

Si kila alichoandika kinastahili sifa, kwani alipolaani riba aliwabebesha Wayahudi lawama za jumla.

Mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 47 na karibu kipofu, alistaafishwa kwa pensheni ndogo, akalazimika kufanya biashara ya mvinyo. Binti yake, Amalie, ndiye aliyekuwa macho yake, akimsomea na kumwandikia. Kitabu chake kuhusu vyama vya mikopo kilitoka mwaka 1866, na vyama hivyo vikaenea nje ya mipaka ya Ujerumani.

Raiffeisen alifariki dunia Machi 11, 1888 mjini Neuwied, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 70.