C. T. Studd: nyota wa kriketi aliyegawa urithi wake

Huku kwetu Mafinga, vijana wengi wanakua na mpira wa miguu. Kriketi ni mchezo wa mbali kidogo, unaochezwa zaidi mijini. Hata hivyo, mmoja wa nyota wake wa zamani alizikwa si mbali sana nasi, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Jina lake ni Charles Thomas Studd.

Kipaji kilicholelewa

Studd alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake, Edward, alitajirika kwa mashamba ya nili huko India. Charles na kaka zake wawili, Kynaston na George, walikuwa na kila kitu ambacho kijana mchezaji huhitaji: uwanja, vifaa, walimu na muda wa mazoezi. Matunda yakaonekana. Walisoma pamoja shule ya Eton, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, na wote watatu wakawa manahodha wa timu ya chuo kwa miaka mitatu mfululizo, 1882 hadi 1884.

Agosti 1882, Charles aliichezea Uingereza dhidi ya Australia katika uwanja wa Oval, London. Katika kriketi, wapigaji wawili huwa uwanjani kwa pamoja, lakini mmoja tu ndiye anayerushiwa mpira. Uingereza ilihitaji mikimbio 85 ili ishinde. Ilipata 77. Mwenzake wa mwisho alitolewa huku Studd akiwa upande wa pili, bila kurushiwa hata mpira mmoja. Kutokana na kipigo hicho lilizaliwa shindano la Ashes, linalochezwa hadi leo. Majira yaliyofuata, Studd alikuwemo katika timu iliyokwenda Australia kulipiza kisasi, na ikafanikiwa.

Hundi tisa

Mwaka 1884 kaka yake George aliugua sana. Akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, Charles alijiuliza umaarufu una faida gani mbele ya kifo. Februari 1885, akiwa na miaka 24, aliacha kriketi na kwenda China kama mmisionari pamoja na vijana wenzake sita.

Huko China urithi wa baba yake ulimfikia, takriban pauni 29,000. Ulikuwa utajiri mkubwa kwa wakati ule. Januari 1887 alituma hundi tisa: nne za pauni 5,000 na tano za pauni 1,000. Fedha zilikwenda kwa yatima wa George Müller mjini Bristol, watoto maskini wa Dk. Barnardo, maskini wa London mashariki na kazi ya misheni. Kiasi kilichobaki alimpa mchumba wake, Priscilla Stewart, naye akakitoa chote. Walifunga ndoa mwaka 1888 mikono mitupu.

Kongo

Mwaka 1913, akiwa na miaka 52 na afya dhaifu, alipita Afrika Mashariki kuelekea Kongo ya Wabelgiji. Alifanya kazi Nala, kisha Ibambi, na akafasiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha upande ule.

Hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mkali kwa wenzake, akagombana na kamati yake ya Uingereza. Familia nayo ililipa gharama. Tangu mwaka 1916 hakurudi kwao, na Priscilla, aliyebaki akisimamia kazi Uingereza, alimtembelea mara moja tu, mwaka 1928, kwa wiki mbili. Mwaka uliofuata Priscilla akafariki. Studd alifariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931.

Kwetu sisi, maisha yake yana mafunzo mawili. Kipaji hakikui chenyewe: nyuma ya wale kaka watatu palikuwa na mtu mzima aliyegharamia. Na mchezaji aliyepewa mengi anaweza kuwakumbuka watoto ambao hawakupewa kitu. Kijana wa Mufindi hahitaji hundi ya pauni 5,000. Mara nyingi kinachomkwamisha ni viatu, nauli ya kwenda kwenye mechi, na mtu wa kumfundisha.