Susanna Wesley, mama aliyegawa jioni zake

Katika toleo hili tumeona vema tuwasimulie habari za mama mmoja wa Uingereza wa zamani, Susanna Wesley. Ndiye aliyewazaa John Wesley na Charles Wesley, ambao kwa kazi yao Umethodisti ulianza. Wengi wetu tuliotoka Kivu, Burundi na Rwanda tumekua tukiyaona makanisa ya Methodisti Huru, lakini ni wachache waliosikia habari za mama huyu. Tumemchagua kwa sababu moja. Nyumba yake iliungua usiku mmoja, watoto wake wakatawanyika kwa watu, na waliporudishwa hawakuwa tena wale aliowajua. Jambo hilo wazazi wengi humu kambini hawahitaji kufundishwa.

Susanna alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mchungaji aliyeondolewa katika parokia yake mwaka 1662 kwa sababu hakukubali taratibu za ibada zilizoamriwa na serikali. Mwaka 1688 Susanna aliolewa na Samuel Wesley, naye mchungaji, na baadaye wakahamia Epworth, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Lincolnshire. Alizaa watoto 19. Tisa kati yao alizika wakiwa bado wachanga.

Umaskini haukuwaacha. Mwaka 1705 mumewe alifungwa katika gereza la Lincoln kwa deni lisilofika pauni 30. Susanna, akiwa hana kitu kingine cha kumsaidia, alimpelekea pete zake ndogo aziuze, mume akazirudisha. Askofu mkuu mmoja alipomwuliza kama wamewahi kukosa mkate, alijibu kwamba mkate wenyewe haukukosekana kabisa, ila shida ya kuutafuta kabla ya kuula, na shida ya kuulipia baada ya kuula, mara nyingi iliuondolea ladha. Anayesimama kwenye foleni ya posho huku anadaiwa dukani atamwelewa mama huyu mara moja.

Wala tusidhani ndoa yao ilikuwa tulivu siku zote. Wakati fulani Susanna alikataa kuitikia amina mumewe alipomwombea mfalme William, naye mume akaondoka nyumbani kwa miezi kadhaa. Walipatana, na mwaka 1703 akazaliwa John.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ya mchungaji ilishika moto. Ilikuwa ya mbao na paa la nyasi. Susanna alikuwa na mimba kubwa, akapita katikati ya moto akaungua mikono na uso. Watoto walitolewa mmoja mmoja. Walipohesabiwa bustanini, John, mwenye umri wa miaka mitano, hakuwepo. Baba alijaribu kupanda ngazi za ndani, zikawa zinawaka. Akapiga magoti, akamkabidhi mtoto kwa Mungu. Ndipo watu wakamwona John dirishani. Hapakuwa na muda wa kutafuta ngazi, hivyo mtu mmoja akapanda juu ya mabega ya mwenzake, akamnyakua mtoto, na paa likaanguka nyuma yao. Vitabu, barua, nguo, vyote viliteketea.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wanaosimulia habari hii hupita haraka, nasi tungependa tukae kidogo. Wazazi hawakuwa na pa kuwaweka watoto wote. Wasichana wawili walipelekwa London kwa ndugu ya baba yao, na wengine wakagawanywa katika nyumba za watu, wakakaa huko miezi mingi mpaka nyumba mpya ilipojengwa. Waliporudi, mama yao aliona wamebadilika. Walikuwa wamezoea kuzurura na watoto wowote, wema na wabaya. Walikuwa wamejifunza nyimbo chafu na lugha ya ukali, na kuishika Sabato kwa uangalifu wamekuacha. Susanna aliandika baadaye kwamba kuwarudisha katika njia kulikuwa kazi ngumu.

Alifanya nini? Hakuanza na jambo kubwa. Aliweka saa. Asubuhi na jioni, masomo yalipoanza na yalipokwisha, nyumba nzima iliimba zaburi. Desturi hiyo ilianza wakati huo, baada ya moto. Kila siku saa kumi na moja jioni watoto walikwenda wawili wawili: mkubwa kabisa alimchukua mdogo kabisa aliyeweza kusema, wa pili akamchukua anayefuata, na hivyo hivyo. Mkubwa alimsomea mdogo zaburi za siku ile na sura moja ya Agano Jipya. Angalieni hekima yake. Watoto waliokuwa wametengana miezi yote ile walirudishiwa ndugu zao, na aliyelelewa ugenini akapewa wa kumlea.

Baadaye, karibu mwaka 1712, alisoma habari za wamisionari waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda India. Moyo wake uliwaka. Yeye hakuweza kwenda India, basi akaamua kuanza na waliokuwa mezani pake. Kila jioni alitenga muda wa kuongea na mtoto mmoja peke yake: Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Alhamisi John, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles, na Jumapili Emilia na Sukey. Ndipo kila mtoto alipojua kwamba katika juma kuna saa ambayo mama si wa wote, ni wake.

Kuna mama atakayesema: Susanna alikuwa na watumishi wa kumsaidia, mimi nina foleni ya maji, kuni na mtoto mgongoni. Ni kweli, na hatutaki kulificha. Lakini saa ile haikuhitaji taa wala daftari. Inaweza kuwa ya kuchagua maharage, mama na mtoto mmoja, wengine wakiambiwa wangoje zamu yao. Baba naye anaweza kuwa na siku yake, mkienda shambani na kurudi.

Tena hatutaki kumpamba. Alikuwa mkali. Watoto wake walipotimiza mwaka mmoja, na wengine hata kabla ya hapo, walifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Hilo sisi hatulifuati. Wala si watoto wote waliopata raha. Hetty alipata mimba kabla ya ndoa mwaka 1725, akaozwa upesi kwa fundi wa mabomba, na baba yake hakumrudishia moyo. Jioni za Jumanne hazikumkinga na hayo.

Lakini John hakuisahau Alhamisi. Mwaka 1732, akiwa mwalimu Oxford na umri unakaribia miaka 29, alimwandikia mama yake akimwomba amtengee tena kile kipande cha jioni ya Alhamisi aliyokuwa akimpa utotoni. Mwaka huo huo alimsihi aandike jinsi alivyowalea, na barua aliyoiandika ndiyo iliyotuhifadhia mengi ya haya.

Mume wa Susanna alifariki mwaka 1735. Mama akabaki mjane asiye na nyumba yake, akikaa kwa mtoto huyu na yule, mpaka John alipompokea London katika kiwanda cha zamani cha mizinga alichokigeuza kuwa nyumba ya ibada. Hapo ndipo alipolala mauti, Ijumaa tarehe 23 Julai 1742, akazikwa katika makaburi ya Bunhill Fields. Kabla sauti haijamkauka aliwaomba watoto wake kwamba, mara atakapofunguliwa, wamwimbie Mungu zaburi ya sifa. John na dada zake walikuwapo. Walisimama kukizunguka kitanda, na pumzi ilipokatika, wakaimba.