Festo Kivengere: Faraja Ilikuja Kwanza



Mimi niliokoka nikiwa na deni. Nilikuwa mweka hazina wa chama chetu hapa Mukuru kwa Njenga, na pesa za wenzangu nilizimaliza kwa pombe. Nilijua Mungu amenisamehe, lakini nikimwona mwanachama kwa mbali nilikata kona. Usiku moyo uliniuma sana. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akanisimulia habari za Askofu Festo Kivengere.

Festo alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Alisoma akawa mwalimu, lakini akamwacha Mungu, akaingia kwenye ulevi. Wakati huo moto wa Uamsho kutoka Gahini, Rwanda, ulikuwa umefika kwao. Watu walitubu hadharani na kurudisha walivyoiba. Festo aliwachukia. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1940, rafiki yake alikutana naye barabarani akiwa amejaa furaha, akamwambia ameokoka, kisha akamwomba msamaha. Festo alifika nyumbani amevunjika kabisa. Akapiga magoti, na pale akamwona Yesu msalabani, amebeba dhambi zake yeye Festo. Alitazamia hukumu, akapata kupendwa.

Angalia vizuri, mpendwa: faraja ilikuja kwanza. Baadaye ndio alipanda baiskeli, akaenda kama kilomita 80 hadi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia, akamwomba msamaha.

Huzuni nyingine ililetwa na dhambi ya mtu mwingine. Mwaka 1972 Festo aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi, Idi Amin akiwa anatawala. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Festo na mkewe Mera wakatoroka, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Huko uhamishoni moyo wake ulijaa uchungu. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, alitafakari jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha, akaona hana ruhusa ya kumchukia Amin. Akamsamehe. Hata akatoa kitabu ambacho jina lake lilisema anampenda Amin, na wengi walishangaa. Amin alipoanguka mwaka 1979, Festo alirudi Uganda kuhudumia watu wake waliokuwa na majeraha mengi. Alifariki hapa hapa Nairobi mwaka 1988.

Basi mimi nilisoma Zaburi ya 51, nikalia mbele za Bwana mpaka moyo ukatulia. Kesho yake nikatoka kwa miguu, mlango hadi mlango. Wengine walinikumbatia. Mama mmoja alinifungia mlango, na mpaka leo hajanisalimia. Simlaumu, pesa zile zilikuwa karo ya mtoto wake. Kila Jumamosi nikilipwa kibarua ninampelekea kidogo kidogo.

Deni halijaisha, lakini sasa silali na ule mzigo.

Ndugu yangu, dada yangu, usingoje utengeneze mambo yako yote ndio umwendee Mungu. Mwendee leo na machozi yako. Akishakufariji, atakupa nguvu ya kwenda kubisha ule mlango unaouogopa.